Acheni Kubandika Orodha za Saifa Kwenye SSH

Wasomaji wangu, leo sitawafundisha kusakinisha programu yoyote. Leo nimekuja kugomba.

Kuna ugonjwa umeenea miongoni mwetu tunaotunza seva. Huanza hivi: mtu anakodi seva, anasikia kwamba SSH lazima ikazwe, anaingia kwenye intaneti kutafuta dawa, anakuta makala yenye mistari mitatu mirefu kama treni ya mizigo. Ananakili, anabandika kwenye faili la sshd_config, anawasha huduma upya, kisha analala usingizi wa pono. Mistari yenyewe mnaijua: Ciphers, MACs na KexAlgorithms. Ukimwuliza kila jina katika orodha ile lina kazi gani, anakujibu, "Nilisoma kwamba ndiyo salama." Nani aliandika? Hajui. Lini? Hakuangalia.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea hadi mwisho: kwa seva nyingi tunazozitunza, mistari hiyo mitatu haifai kuwapo hata kidogo. Ifuteni. Iachieni OpenSSH ichague yenyewe, kisha muda mliokuwa mkiutumia kupanga majina ya saifa mwutumie kusasisha programu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni ile mipangilio inayokuja na OpenSSH. Msala upitao ni orodha ya mtu usiyemjua.

Kabla ya kuendelea, wageni wa mambo haya wasiachwe nyuma. SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, Mfini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi kwenye mtandao wa chuo hicho. Wakati huo watu waliingia kwenye seva za mbali kwa telnet na rlogin, na nywila ilisafiri uchi. Mwaka 1999 wenzetu wa mradi wa OpenBSD wakatoa OpenSSH, ambayo ni programu huria, na ndiyo iliyomo katika karibu kila Linux utakayoishika leo.

Ukiunganisha tarakilishi yako na seva, kazi tatu hufanyika. Kwanza, pande mbili zinakubaliana siri mbele ya watu bila watu hao kuijua. Hiyo ndiyo kazi ya KexAlgorithms. Pili, mazungumzo yanasimbwa ili mpita njia asiyasome. Hiyo ni kazi ya saifa, yaani Ciphers. Tatu, kila pakiti inapigwa muhuri ili ikibadilishwa njiani ijulikane. Hiyo ni kazi ya MACs. Msidharau muhuri. Adui asiyeweza kusoma barua yako bado anaweza kugeuza herufi zake gizani, na bila muhuri hutajua kamwe.

Sasa tuingie vitani.

Hoja ya kwanza: wengi wenu mnapanga orodha msiyojua inavyosomwa. Nimeona mtu akibishana saa nzima kama aes256 itangulie chacha20 kwenye seva yake. Jamani, anayechagua saifa si seva. Itifaki yenyewe, RFC 4253 ya Januari 2006, inasema wazi: inachukuliwa saifa ya kwanza katika orodha ya mteja ambayo seva nayo inayo. Ya kwanza ya mteja! Mpangilio wako kwenye seva hauamui lolote. Unachoweza kufanya upande wa seva ni kukubali jina au kulikataa, basi. Yule bwana alibishana saa nzima kuhusu nani akae kiti cha mbele katika gari ambalo si yeye dereva wake.

Na hao wanaopigania MACs? Hebu jaribuni amri hii:

ssh -v mimi@seva-yangu 2>&1 | grep 'kex: '

Kama programu zenu si za kale, mtaona saifa iliyochaguliwa ni chacha20-poly1305@openssh.com au mojawapo ya jamii ya aes-gcm, na mbele ya neno MAC pameandikwa implicit. Maana yake, saifa hizo zina muhuri wake ndani yake. Mstari wa MACs haukuguswa kabisa. Ule mjadala mrefu wa hmac-sha2-256 dhidi ya hmac-sha2-512 ulikuwa kuhusu kufuli la mlango ambao haupo.

Kuna na dhihaka nyingine. Katika sshd_config, thamani ya kwanza kusomwa ndiyo inayoshika. Debian na Ubuntu za sasa huweka juu kabisa ya faili mstari wa Include unaosoma kwanza mafaili ya sshd_config.d. Red Hat 9 nayo huleta sera yake ya usimbaji kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ukibandika orodha yako chini ya faili, na huko juu kuna mpangilio mwingine wa jina hilo hilo, wako ni pambo. Red Hat 8 ilikwenda mbali zaidi: sera hupewa sshd wakati wa kuwashwa, na mstari wako katika faili hausikilizwi mpaka uiondoe sera hiyo kwanza. Ni wangapi wamekwenda kupima? Wengi walibandika, wakaona hakuna kosa lililotokea, wakaandika katika ripoti kwamba SSH imekazwa.

Hoja ya pili, na hii ndiyo inayoniuma: orodha huoza. Saifa haiozi siku moja, lakini orodha uliyoigandisha haijui kwamba dunia imesonga.

Twende na miaka. RFC ile ya 2006 ilizitaja 3des-cbc na hmac-sha1 kuwa za lazima. Novemba 2008 watafiti wa Royal Holloway, Uingereza, wakaonyesha kwamba mtindo wa CBC jinsi ulivyotumika ndani ya SSH unaweza kuvujisha vipande vya maandishi. OpenSSH 5.2 ya Februari 2009 ikapeleka mbele mtindo wa CTR. Aliyetumia chaguomsingi alihamishwa kimyakimya. Aliyegandisha orodha yake alibaki palepale.

Kisha ikaja homa ya arcfour. Watu waliinakili kwa sababu ni nyepesi na scp inakimbia nayo. OpenSSH 6.7 ya Oktoba 2014 ikaiondoa, pamoja na CBC, katika chaguomsingi za seva. Mwaka 2017 toleo la 7.6 likaifuta kabisa arcfour, likafuta blowfish na CAST, likafuta muhuri wa hmac-ripemd160, na itifaki ya SSH ya kwanza ikazikwa siku hiyo hiyo.

Mnajua kinachotokea sshd ikikuta katika mipangilio jina isilolijua? Hairuki mstari. Inakataa kuwaka. Na hmac-ripemd160 ilikuwamo katika orodha za kukaza SSH zilizosambaa mwaka 2015! Kwa hiyo mtu aliyebandika orodha ya usalama, kisha akafanya jambo jema la kusasisha mfumo, alijikuta amefungiwa nje na usalama wake mwenyewe. Seva iko Frankfurt, yeye yuko Kakamega, na mlango wa pekee ulikuwa ule ule wa SSH.

Tuendelee. Desemba 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walitangaza shambulio walilolipa jina la Terrapin. Mtu aliye katikati ya njia angeweza kufuta ujumbe wa mwanzo wa mazungumzo yaliyosimbwa bila muhuri kulalamika. Na iliathiri nini? ChaCha20-Poly1305, na CBC ikitumiwa pamoja na mihuri ya aina ya etm. Yaani yale yale majina ambayo makala za kukaza zilituambia tuyakumbatie! Sisemi majina hayo ni mabaya. Madhara ya Terrapin kwa OpenSSH hayakuwa makubwa, na chacha20 bado ni chaguo zuri. Ninachosema ni kwamba tiba yake ilikuja katika OpenSSH 9.6 kwa kurekebisha jinsi mazungumzo yanavyoanza, na ilihitaji pande zote mbili zisasishwe. Aliyesasisha alipona bila kugusa faili. Aliyekuwa na orodha nzuri na programu ya kale alibaki na tundu.

Sasa tazameni la karibuni zaidi. Kompyuta za kwanta zenye uwezo wa kuvunja makubaliano ya siri tunayoyatumia hazijafika, lakini adui mwenye subira hazingoji. Anaweza kurekodi mazungumzo yako leo, akayaweka ghalani, akayafungua baada ya miaka. Kwa sababu hiyo OpenSSH 9.0 ya Aprili 2022 ilianza kutumia kwa chaguomsingi makubaliano mseto ya sntrup761 na x25519, na 10.0 ya Aprili 2025 ikahamia mlkem768x25519-sha256. Mnaona? Kinga dhidi ya hatari ya kesho imeletwa bure, bila wewe kuandika herufi moja. Nani hakuipata? Yule ambaye mwaka 2015 alibandika KexAlgorithms yenye curve25519 na diffie-hellman-group-exchange-sha256 tu, akajiona fundi. Mstari wake wa usalama ndio unaomzuilia usalama. Toleo la 10.1 la Oktoba 2025 linampa hata onyo kila anapoingia, na nina hakika wengi watatafuta njia ya kulinyamazisha onyo badala ya kufuta mstari.

Hoja ya tatu: saifa ndiyo sehemu ya SSH iliyo imara kuliko zote, lakini ndiyo tunayoishughulikia kuliko zote. Novemba 2013 iligunduliwa hitilafu ya kumbukumbu katika OpenSSH 6.2 na 6.3, ikitokea pale AES-GCM inapochaguliwa. Hesabu ya saifa ilikuwa safi. Msimbo ndio uliokuwa na tundu. Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza tundu lililobatizwa regreSSHion, ambalo lingeweza kumpa mtu mamlaka ya root kabla hata hajaingia. Orodha gani ya saifa ingekuokoa hapo? Hakuna. Toleo la 9.8 ndilo lililokuokoa.

Mwaka jana niliombwa kuitazama seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Sitakitaja. Orodha ya saifa ilikuwa ndefu na maridadi, na mtu alikuwa ameiandikia hata maelezo juu yake. Mstari wa chini yake: PermitRootLogin yes. Mstari mwingine: PasswordAuthentication yes. Na nywila ya root ilikuwa jina la chama na mwaka. Yaani mlango umejengwa kwa chuma cha pua, ukapachikwa kwenye ukuta wa makuti. Roboti zinazopita port 22 usiku na mchana hazijaribu kuvunja AES. Zinabahatisha nywila.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wanaonipinga wana maneno matatu yenye uzito.

La kwanza: mkaguzi amedai. Programu yake ya kukagua imeandika kwa wino mwekundu kwamba seva inakubali hmac-sha1, na benki haitatia saini mpaka itoke. Nakubali hali hiyo ipo. Mgongano wa SHA-1 ulioonyeshwa mwaka 2017 hauvunji HMAC iliyojengwa juu yake, lakini sina haja ya kugombana na mkaguzi kwa jambo ambalo kuliondoa hakugharimu kitu. Ila usimjibu kwa orodha iliyogandishwa. Mjibu kwa kutoa:

MACs -hmac-sha1,hmac-sha1-etm@openssh.com

Kile kialama cha kutoa mwanzoni kinasema: chukua chaguomsingi, ondoa haya tu. Kesho OpenSSH ikiongeza kitu bora, utakipata. Na mkaguzi akikuambia kwamba ni sheria, mwombe akuonyeshe kifungu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka hatua za kiufundi zinazofaa kulinda data za watu. Haitaji hmac-sha2-512 popote. Kuacha programu miaka mitano bila kusasisha, hilo ndilo gumu kulitetea mbele ya mtu yeyote.

La pili: tuna vifaa vya kale. Swichi iliyonunuliwa zamani inajua aes128-cbc tu, na ssh ya kisasa inagoma kuongea nayo. Ni kweli, na kununua mpya kuna bei. Lakini namna watu wanavyolitatua ni balaa: wanaweka saifa za kale chini ya Host yenye nyota, kwa hiyo mwunganisho wa kila mahali unaruhusiwa kuwa dhaifu kwa ajili ya kifaa kimoja cha kule stoo. Kipe kifaa hicho chumba chake katika faili la config la kipakatalishi chako:

Host swichi-ya-stoo
    HostName 192.168.10.2
    Ciphers +aes128-cbc
    KexAlgorithms +diffie-hellman-group14-sha1
    HostKeyAlgorithms +ssh-rsa

Udhaifu ukae pale unapohitajika tu, na siku swichi ikifa, futa mistari hiyo siku ya mazishi.

La tatu: seva yetu haiwezi kusasishwa, kuna programu ya zamani juu yake itakayovunjika. Hapa nakubali kwamba orodha ya mkono inaweza kusaidia kwa muda, kwa sababu chaguomsingi za zamani nazo ni za zamani. Lakini iitwe kwa jina lake: ni bandeji. Kidonda ni kwamba unaendesha mashine isiyosasishwa na umeielekeza kwenye intaneti. Na kabla ya kusema haiwezi, angalia vizuri. Debian, Ubuntu na Red Hat hurudisha marekebisho ya usalama kwenye matoleo ya zamani bila kubadili namba kubwa, kwa hiyo namba pekee haikuambii kama tundu limezibwa. Huenda kinachokosekana ni mtu wa kuandika apt upgrade tu.

Basi tufanye nini? Sina orodha ya kuwapa, na hilo ndilo jambo lenyewe. Nina kazi.

Tazama kwanza seva inasema nini hasa:

sudo sshd -T | grep -Ei '^(ciphers|macs|kexalgorithms)'

Kisha thibitisha kutoka nje kwa ile amri ya ssh -v, maana kinachotumika ni kile kilichokubaliwa na pande mbili. Halafu tafuta mistari mitatu ile katika sshd_config na sshd_config.d. Kila mmoja usioweza kueleza kwa nini upo, ufute. Kabla ya kuwasha upya, andika sshd -t ili makosa yaonekane mapema, na usifunge dirisha ulilo nalo mpaka umeweza kuingia kwa dirisha la pili. Fanya hivyo hata kama una haraka.

Baada ya hapo ingia kwenye mambo yanayoua seva kwelikweli. Tengeneza ufunguo wa ed25519, kisha zima nywila. Zima root kuingia moja kwa moja. Washa masasisho ya usalama yanayojiendesha. Na ukiulizwa mara ya kwanza kama unaiamini alama ya seva, usiandike yes kama mtu anayepungia matatu mkono. Swali lile ndilo linalokutenganisha na mtu aliyekaa katikati. Ukimkubali yeye, saifa yako itasimba mazungumzo vizuri sana, moja kwa moja hadi masikioni mwake.

Walioandika zile makala za 2015 hawakuwa na nia mbaya. Wakati huo chaguomsingi zilikuwa na takataka zilizohitaji kufagiwa, nao walifagia. Lakini uchafu waliouona wao umeshaondolewa na wenye nyumba, na sisi bado tunafagia kwa ufagio ule ule, tukitoa nje hata vyombo vipya. Anayepinga na apinge. Lakini aje na matokeo ya sshd -T yake mkononi, na anieleze kila jina lililomo liliingia lini na kwa sababu gani.